Istanbul Peke Yako: Anza na Barabara Moja

Anayekwenda Istanbul peke yake kwa mara ya kwanza aghalabu hufika na orodha ndefu: Ayasofya, kasri la Topkapı, Msikiti wa Buluu, Soko Kuu, mnara wa Galata. Orodha yenyewe haina ubaya. Tatizo ni kwamba haimwonyeshi namna mambo hayo yalivyoshikana, na kwa kuwa hana mwenzake wa kumuuliza "hapa si tulishapita?", anaishia kutembea macho yakiwa kwenye simu. Mimi ni mwanahistoria wa miji ya kale, na mgeni wa namna hiyo huwa namwambia jambo moja: siku ya kwanza usikate tiketi ya kuingia popote. Fuata barabara moja mpaka mwisho wake.

Kwanza elewa umbo la mji. Istanbul ya kale imekaa kwenye rasi yenye vilima. Kaskazini kuna mkono wa bahari uitwao Haliç, mashariki mlango wa bahari wa Bosphorus, kusini bahari ya Marmara. Upande wa nne, wa magharibi, ndio pekee ulio nchi kavu, na huko ndiko ulikojengwa ukuta mkubwa. Ukipotea karibu na Ayasofya, teremka tu. Utafika majini, na maji yatakuambia uko upande gani.

Juu ya mgongo wa rasi hiyo ilipita barabara kuu iliyoitwa Mese, kutoka kwenye kasri la kaisari wa dola ya Kirumi kuelekea malango ya magharibi. Sehemu yake ya mwanzo leo inaitwa Divan Yolu, na tramu ya T1 inapita humo humo. Karibu na kituo cha Sultanahmet, pembeni mwa reli, utaona nguzo ya jiwe iliyochakaa ambayo wengi huipita bila kuitazama. Ni mabaki ya Milion, mahali ambapo umbali wa barabara zote za dola ulianza kuhesabiwa. Anzia hapo.

Hatua chache kusini kuna uwanja mrefu. Zamani ulikuwa uwanja wa mashindano ya magari ya farasi, na ndipo zilipoanzia ghasia za Januari 532 zilizoua maelfu ya watu na kuliteketeza kanisa kuu. Kaisari Justinian akaamuru lijengwe jipya, likazinduliwa Desemba 537. Hilo ndilo Ayasofya unaloliona ukigeuka nyuma. Likawa msikiti mwaka 1453, makumbusho katika miaka ya 1930, na msikiti tena mwaka 2020.

Katikati ya uwanja huo imesimama nguzo ya graniti yenye maandishi ya Misri ya kale. Ilichongwa enzi za Farao Thutmose III, ikaja kusimamishwa hapa mwaka 390. Wageni hupiga picha kileleni. Wewe tazama chini. Kitako chake kimo ndani ya shimo lililozungushiwa uzio, mita kadhaa chini ya miguu yako. Usawa wa shimo lile ndio uliokuwa ardhi ya mji wakati nguzo inasimamishwa. Kinachozidi ni vifusi, udongo na majengo ya karne zilizofuata. Ukishaliona hilo, kila ngazi inayoteremka kuingia msikiti wa zamani au hodhi la maji itaanza kukueleza umri wake.

Rudi kwenye reli, uifuate kwa miguu ukipanda kilima taratibu. Çemberlitaş utakuta nguzo nyeusi iliyofungwa mikanda ya chuma. Ni ya kaisari Constantine, aliyeuzindua mji huu kuwa makao yake mwaka 330. Mioto na matetemeko ya ardhi ndiyo yaliyoifikisha kwenye hali hiyo. Mbele kidogo, Beyazıt, kando ya barabara kumelala vipande vya nguzo vilivyochongwa mapambo kama macho ya manyoya ya tausi. Ni mabaki ya tao la kaisari Theodosius I. Hakuna foleni wala tiketi, na watu wanaongojea usafiri huketi karibu yake bila kujali. Kwangu mimi hapo panapendeza kuliko nusu ya kumbi za makumbusho.

Ukifika Aksaray miguu itakuwa imechoka, panda tramu hiyo hiyo kuelekea magharibi. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Kipo kituo kinachoitwa Topkapı, nacho hakihusiani na kasri la Topkapı. Kasri liko kule ulikotoka, karibu na vituo vya Gülhane na Sultanahmet. Kituo hiki kiko kwenye lango la ukutani, na wewe leo ndiko unakokwenda.

Ukuta huo ulikamilika mwaka 413 chini ya kaisari Theodosius II. Tetemeko la mwaka 447 likaubomoa vibaya, nao ukajengwa upya kwa haraka ya kushangaza kwa sababu majeshi ya Attila, mfalme wa kabila la Huni, yalikuwa njiani. Sehemu hii ndiyo iliyopigwa zaidi na mizinga ya Mehmet II, sultani wa Waturuki wa Osmani, kabla ya mji kuanguka tarehe 29 Mei 1453. Nenda mchana, utembee upande wenye watu. Yapo mapengo na vichochoro vilivyotelekezwa ambavyo mtu wa peke yake hana sababu ya kuvipita jua likishazama.

Siku zinazofuata ndizo za kuingia ndani. Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne, Soko Kuu hufungwa Jumapili. Tangu mwaka 2024, mtalii wa kigeni huingia Ayasofya kwa tiketi na kupelekwa roshani ya juu. Anayekuja kuswali huingia chini bila malipo. Wanawake wabebe mtandio, wanaume wavae suruali ndefu, na nyakati za swala, hasa Ijumaa mchana, usipange kutalii msikiti wowote. Huko roshani ndiko utakakofurahia kuwa peke yako. Kwenye ukingo mmoja wa marumaru kuna jina, Halfdan, lililokwanguliwa kwa herufi za watu wa Skandinavia, pengine na askari wa kukodiwa. Kikundi chenye kiongozi hupewa dakika chache kulitafuta. Wewe huna wa kukuharakisha.

Upweke una gharama zake pia, na matapeli wa Istanbul wanazijua. Mng'arisha viatu anatembea mbele yako, brashi inamdondoka, unamwokotea. Kwa "shukrani" anakung'arishia viatu, kisha anadai malipo. Huo ni usumbufu tu. Ulio hatari huwalenga wanaume walio peke yao maeneo ya Taksim: mtu mchangamfu anaomba kiberiti, mnaongea, anakualika kilabuni anakokujua. Bili inayoletwa haina kichwa wala miguu, na mlangoni wamesimama mabaunsa. Urafiki wa dakika tano usikutoe barabarani. Mwanamke anayesemeshwa na asiyemtaka hana deni la jibu. Aingie dukani au mkahawani penye familia, akae hapo mpaka mtu huyo aondoke. Teksi iwe na mita inayotembea, la sivyo teremka kabla haijaondoka.

Jioni usijifungie hotelini. Pakia pesa kwenye kadi ya Istanbulkart, teremka hadi gati ya Eminönü, panda kivuko cha kwenda Kadıköy, upande wa Asia. Kaa nje, mkono wa kushoto kwanza uone mnara wa Galata na Bosphorus, kisha hamia nyuma uitazame rasi yote uliyoitembea: msikiti wa Süleymaniye alioumaliza msanifu majengo Sinan mwaka 1557 juu ya kilima chake, halafu Ayasofya, halafu Topkapı kwenye ncha. Kadıköy ni mtaa wa wenyeji wenye soko la samaki na mikahawa ambako mtu kula peke yake mezani si ajabu. Kabla hujaagiza chakula, soma gatini saa ya kivuko cha mwisho. Kikikuacha, panda metro ya M4 kituo kimoja hadi Ayrılık Çeşmesi, ubadilishe uingie treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari, ushuke Sirkeci, ukiwa umerudi upande wa rasi.