Viwanja vifupi vya mbio za magari havifi kwa kukosa mashabiki

Wengi huamini kuwa mbio za magari za kimajimbo nchini Marekani, zile za viwanja vya mviringo visivyofika maili moja, zinadidimia kwa sababu watu wamezichoka. Si kweli. Bowman Gray, mjini Winston-Salem, North Carolina, ina njia ya robo maili tu, lakini mbio za kila wiki za NASCAR, shirika kubwa la mbio za magari nchini humo, zipo hapo tangu 1949 na maelfu bado hujaa majukwaani Jumamosi usiku.

Kinachoua ni gharama na ardhi. Mwenye uwanja hulipa ada kwa waandaaji wa mashindano pamoja na zawadi za madereva, kisha hutegemea viingilio na mauzo ya vyakula vya usiku mmoja. Mvua ikinyesha, matairi ya mbio, ambayo hayana kashata, hayashiki lami, mbio zinaahirishwa, na fedha nyingi zimeshatoka. Dereva naye, ambaye mara nyingi ana kazi nyingine mchana, anaweza kushinda na zawadi isitoshe kulipia matairi na bodi iliyobonyea. Msimu unaofuata habanduki nyumbani, na orodha ya washiriki inapungua.

Uwanja wa Irwindale, California, ulifungwa Desemba 2024. Ardhi yake ilitakiwa kwa ujenzi mwingine. North Wilkesboro, uwanja mwingine mfupi wa North Carolina, ilipoteza mbio zake kubwa baada ya 1996, wanunuzi wake walipozihamishia Texas na New Hampshire. NASCAR iliporudi huko mwaka 2023, mashabiki waliujaza uwanja.