Kitambulisho cha PCI: kadi ya mtandao "mtoto wa nani"?

Ukimkuta mtoto usiyemjua kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, humuulizi kanzu yake imeshonwa wapi. Unamuuliza: "Wewe mtoto wa nani?" Akikutajia baba yake na jina lake, umeshamjua. Kadi ya mtandao ya zamani nayo huulizwa vivyo hivyo, na jibu lake ni namba mbili zilizohifadhiwa ndani yake. Hizo ndizo kitambulisho cha PCI, yaani njia ya kuchomekea kadi ndani ya kompyuta.

Namba ya kwanza ni ya ukoo, yaani kampuni. 10EC ni Realtek, 10B7 ni 3Com, na Intel ni 8086, namba ileile ya prosesa yake ya mwaka 1978 (watu wa Intel nao wana mizaha yao). Namba ya pili ni ya kifaa chenyewe. Kwa hiyo 10EC:8139 ni Realtek RTL8139, chipu ya bei rahisi iliyojaa kwenye kompyuta za mtumba zinazotufikia Unguja na Pemba.

Kwa nini usisome jina la kwenye boksi tu? Kwa sababu halua moja hutiwa kwenye vikapu vingi. Wauzaji chungu nzima walinunua chipu ileile wakabandika majina yao. Wengine walibadilisha hata namba: kadi ya D-Link DFE-538TX hujitaja 1186:1300, na ndani mna chipu ya jamii hiyohiyo ya RTL8139. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, hutafutwa kwa namba, si kwa rangi ya boksi.

Kwenye Linux andika amri ya lspci -nn, utaiona namba hiyo mwisho wa mstari wa kadi yako. Mara nyingi kazi imeishia hapo, maana draiva ya 8139too imo tayari kwenye mfumo. Kwenye Windows fungua orodha ya vifaa, ingia kwenye sifa za kile chenye alama ya njano, kisha tafuta maandishi kama VEN_10EC&DEV_8139. Draiva ipakue kwenye mashine nyengine uilete kwa flashi. Hii bado haina mtandao, utaipakulia wapi?

Watu huchanganya kitambulisho hiki na anwani ya MAC, ile inayoitambulisha kadi kwenye mtandao. Ile ina tarakimu kumi na mbili na imekusudiwa iwe ya kadi moja tu duniani. Hiki ni cha aina nzima: kadi elfu za toleo moja hujitaja sawasawa.

Kadi za kabla ya PCI, iliyotoka 1992, ni habari nyengine. Zile za ISA, njia ya kuchomekea iliyotangulia PCI, za mtindo wa NE2000 nyingi hazijitaji kabisa. Unaiambia draiva kwa mkono anwani, mathalani 300, na namba ya IRQ, ambayo kadi huitumia kumwita prosesa, na ukikosea moja kadi inakaa kimya.

Kadi ya PCI isipoonekana hata kwenye lspci, usihangaike na draiva. Niliwahi kuletewa moja kutoka skuli ya Chake Chake, imeshahukumiwa kufa. Hewa yetu ya chumvi ilikuwa imefifisha meno yake ya shaba. Nilizima mashine, nikachomoa waya wa umeme, nikayasugua meno kwa ufutio wa penseli, nikairudisha kadi mpaka ikakaa sawa. Nilipowasha, 10EC:8139 ikajitaja.