Nywele za Tekla

Nikieleza kujinyima kwa wanawake Wakristo wa karne za kwanza, kabla sijagusa mifungo ya watawa wa kale, mimi huanza na nywele.

Katika Matendo ya Paulo na Tekla, maandishi ya karne ya 2 yasiyomo katika Biblia, Tekla, binti aliyeposwa wa mji wa Ikonio (leo Konya, Uturuki), anasikia Mtume Paulo akihubiri useja, naye anamkataa mchumba wake. Anayepaza sauti kwamba achomwe moto ni mama yake mzazi. Tekla ananusurika motoni, anamwambia Paulo atakata nywele amfuate popote aendako. Baadaye huko Antiokia, wanyama wakali wamemzunguka, anajitosa majini na kujibatiza mwenyewe, kisha analishona vazi lake kwa mtindo wa kiume.

Wengi husoma humo chuki dhidi ya mwili. Mimi naona zaidi. Binti aliyesema "siolewi" alivunja mapatano ya familia mbili, pamoja na mali na wajukuu waliokuwa wakingojewa. Ndiyo maana mama alipiga kelele. Ubikira ulimpa mlango wa kutokea.

Kufikia mwaka 200 hivi, Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago huko Afrika Kaskazini, alishaona mlango huo. Alikasirika kwamba kisa cha Tekla kilitumika kutetea wanawake wafundishe na kubatiza, akaeleza kuwa padre wa Asia aliyekiandika kwa kumpenda Paulo aliondoka katika wadhifa wake.

Karne ya 4 maaskofu walikutana Gangra, leo Çankırı nchini Uturuki, kuwapinga wafuasi wa Eustathio wa Sebaste, mhubiri wa kujinyima kukali. Kanuni ya 13 inamlaani mwanamke avaaye kiume kwa jina la kujinyima; ya 17, anayekata nywele, maana Mungu alimpa zimkumbushe utii. Lakini maaskofu haohao wanamalizia kwa kuusifu ubikira wenye unyenyekevu! Kufunga na kukesha hakukuwatisha. Kilichowatisha ni mwanamke ambaye mwili wake haukuonyesha tena yuko chini ya nani. Mwaka 390 Kaisari Theodosio akaamuru wanawake waliokata nywele wasiingie kanisani, na askofu atakayewapokea avuliwe cheo.

Amma (yaani Mama) Sara, mtawa wa kale wa Misri anayesimuliwa kuishi miaka 60 kando ya mto bila kuutazama, alitembelewa na wazee wawili waliotaka kumshusha kwa sababu ya jinsia yake. Aliwajibu kwamba ni mwanamke kwa maumbile, si kwa fikra. Nampenda kwa ujasiri huo, na bado jibu lake huniuma: ili asimame sawa nao, ilimbidi auache uanamke mlangoni.