Nani humchagua mwanafunzi wa uzamivu Australia?
Wengi wanaotamani kusomea uzamivu Australia huamini kwamba serikali ndiyo humteua mwanafunzi na kumlipa moja kwa moja. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa fedha hutoka hazina ya umma. Hata hivyo, chini ya mpango wa mafunzo ya utafiti ulioanza mwaka 2017, serikali huvipa vyuo vikuu ruzuku ya jumla, inayokokotolewa kwa kutazama wahitimu wa shahada za utafiti na mapato ya utafiti, navyo vyuo ndivyo huteua. Tena, na hapa ndipo wengi hukwama, kusamehewa ada si kupewa posho ya kujikimu. Mwombaji aangalie katika barua ya ufadhili kama posho imetajwa, kiasi na muda wake, kisha ailinganishe na masharti yaliyochapishwa na chuo.