Paroko hakukuchagulia wewe somo

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja mlangoni mwa kanisa, kwa hiyo naliandika: paroko, yaani padre mkuu wa parokia, hachagui masomo ya Biblia ya Misa ya Dominika (Jumapili). Hakukesha akitafuta Injili ya kumsema mtu wa jumuiya yenu, kile kikundi cha majirani mnaosali pamoja.

Masomo hayo yamepangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu: A, B na C. Dominika ya 27 ya Mwaka B, Injili ni Marko 10, Mafarisayo wanamuuliza Yesu habari za talaka. Hapa Moshi hakosekani mtu wa kutoka Misani amenuna, akiniuliza: "Mwalimu, nani kampelekea padre habari zangu?" Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Oktoba 2024. Siku hiyo Injili ilikuwa hiyo hiyo Kibosho, Kilema na Roma. Mpangilio huu wa masomo ulitolewa 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lote) kuagiza waamini wafunguliwe hazina ya Biblia kwa upana zaidi. Mwaka A Mathayo, B Marko, C Luka, na Yohane anachukua nafasi kubwa Kwaresima na Pasaka. Mnayajua hayo.

Kinachoniudhi zaidi ni tunavyolitesa somo la pili, lile linalosomwa kabla ya Injili. Jumuiya ikikaa kutafakari, kiongozi anauliza, "Masomo yote matatu yanatufundisha jambo gani moja?" Swali lenyewe lina kasoro. Somo la kwanza limechaguliwa liendane na Injili. Siku ile lilikuwa Mwanzo 2, wawili kuwa mwili mmoja. Wimbo wa katikati, yaani zaburi, unaliitikia. Lakini somo la pili lilikuwa Waebrania 2, Yesu anaonja mauti kwa ajili ya kila mtu. Nimesikia likivutwa hadi likageuka agizo kwa mke avumilie mateso ya ndoa. Haliko humo! Barua hiyo ilikuwa inaanza kusomwa tu siku ile, ikaendelea Dominika saba mfululizo. Kipindi cha kawaida, yaani nje ya majira kama Kwaresima na Pasaka, somo la pili lina safari yake. Lifuateni wiki kwa wiki: baada ya hapo linakuja Neno lenye makali kuliko upanga, kisha Kuhani Mkuu anayejua udhaifu wetu kwa kuwa alijaribiwa kama sisi. Mama mwenye ndoa ngumu amewekewa faraja ya kweli pale, nasi tunamnyima kwa kulazimisha mada moja.

Kuna mahali, hata hivyo, padre ana uchaguzi, na hapo mimi mwenyewe nasitasita. Dominika ya 21 ya Mwaka huo huo B husomwa Waefeso 5. Kuna somo refu lenye "Enyi wake, watiini waume zenu", na katika baadhi ya vitabu vya masomo kuna fupi linaloruka maneno hayo. Fupi linawapunguzia wengi uchungu, lakini linaruka pia mstari wa 21, unaotutaka sote tunyenyekeane, mume na mke. Ule ndio ufunguo wa yote yanayofuata!

Ningependa lisomwe refu na homilia (mahubiri ya padre) iliguse. Tatizo ni kwamba Injili ya siku hiyo ni mwisho wa Yohane 6, mahubiri yote yanakwenda kwenye mkate wa uzima, na mstari wa 22, ule wa "watiini waume zenu", unabaki umesomwa bila neno la kuufafanua. Kati ya kuuruka na kuusoma hivyo, bado sijajua lipi linawaumiza zaidi akina mama wetu.