Skizofrenia na mawazo yanayong'ang'ania: uliza kwanza yalianza lini

Sauti za skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini yasiyo kweli, zimenyamaza, mgonjwa analala vizuri na mazungumzo yake yanaeleweka. Miezi michache baadaye anaanza kurudi mlangoni tena na tena kuhakikisha ameufunga, au ananawa mikono hadi ngozi inachubuka. Nyumbani husemwa ugonjwa umerudi. Dozi ikiongezwa kwa dhana hiyo, hali inaweza kuwa mbaya zaidi.

Maana wakati mwingine chanzo ni dawa yenyewe. Inayotajwa zaidi ni klozapini, ambayo kwa kawaida hutolewa baada ya dawa nyingine mbili kushindwa. Olanzapini nayo imo. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: dalili hizi zilikuwepo kabla ya dawa, au zimekuja baada yake?

Kisha nasikiliza mgonjwa anavyojieleza. Mwenye wazo linalong'ang'ania mara nyingi hulichukia. Anajua mikono ni safi, ila hofu haimwachii. Mwenye imani potofu atakwambia jirani amempaka sumu, na hatilii shaka hata kidogo. Mpaka kati ya hao wawili si wazi kila siku, na daktari anayeharakisha hapo hukosea.

Msiikatishe dawa wenyewe. Klozapini ikiachwa ghafla, saikosisi, yaani zile sauti na imani potofu, inaweza kurudi kwa kishindo. Daktari anaweza kupima kiwango chake kwenye damu, kupunguza dozi polepole, au kuongeza aripiprazoli, dawa nyingine ya skizofrenia. Ipo pia tiba ya kisaikolojia ambayo mgonjwa hukabili kinachomtisha kidogo kidogo bila kukimbilia kunawa au kukagua. Huanza akiwa ametulia, tena kwa mwendo anaoumudu.

Dawa za sonona kama setralini husaidia baadhi ya wagonjwa, ingawa majibu huweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Hapa ndipo ninapoogopa mazoea. Fluvoksamini, mojawapo ya dawa hizo za sonona, huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja klozapini, na kiwango cha klozapini kwenye damu kinaweza kupanda mara kadhaa: usingizi mzito, hata degedege. Klomipramini, nayo dawa ya sonona, huongeza hatari ya degedege ikichanganywa na klozapini. Hata kuacha sigara, jambo jema kabisa, hupandisha kiwango hicho, kwa kuwa moshi ndio uliokuwa ukiharakisha kuvunjwa kwa dawa. Mgonjwa anayetaka kuacha amwambie daktari kabla, dozi ipangwe upya.

Mnapokwenda kliniki, bebeni dawa zote anazotumia, pamoja na tarehe kila moja ilipoanza au dozi ilipobadilishwa.