Malagarasi: mto ulioanza kabla ya ziwa lake

Fungua ramani ya Kigoma na kusini mwa Burundi, uufuate kwa kidole Mto Malagarasi tangu unapochipuka. Unaanzia milimani, karibu na mpaka, na kutoka hapo Ziwa Tanganyika haliko mbali upande wa magharibi. Mtu angedhani maji yatateremka moja kwa moja ziwani. Hayafanyi hivyo. Yanalipa ziwa kisogo, yanaelekea kaskazini mashariki yakiwa mpaka wa Tanzania na Burundi, kisha yanaingia ndani ya nchi yetu, yanapinda kuelekea kusini na kutawanyika katika tingatinga kubwa za Muyovozi. Huko yanapokutana na maji ya Mto Ugalla ndipo yanapogeukia magharibi, yakapita Uvinza, yakaruka maporomoko ya Igamba na kuingia ziwani kusini mwa Ujiji. Ni safari ya kilomita 475 hivi kwa mto ambao ungeweza kuimaliza kwa siku chache.

Watu wa Kigoma hutuuliza mara nyingi kwa nini mto uzunguke namna hiyo. Jibu liko kwenye Bonde la Ufa. Ardhi ilipopasuka na kudidimia, kingo za ufa ziliinuka. Chukua bakuli ulifukie nusu kwenye mchanga, umwage maji nje ya ukingo wake: hayaingii ndani ya bakuli, yanakimbilia nje. Ndivyo vijito vingi vya milima ile vinavyofanya. Vinazaliwa karibu na ziwa lakini mteremko unavipeleka mashariki, mpaka vikutane na mto mmoja wenye nguvu ya kuukata ukingo na kurudi.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Wanajiolojia na wataalamu wa samaki wengi wanaona kwamba Malagarasi ya chini ni kongwe kuliko ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Kabla yake, maji ya magharibi mwa Tanzania ya leo yalikuwa yakitiririka kuelekea Kongo. Ufa ukafunguka katikati ya njia, ukajaa maji hadi kina cha mita 1,470, na mto ukakatwa vipande viwili: kimoja kikabaki kwetu, kingine kikawa sehemu ya mfumo wa Kongo.

Maji yenyewe bado yanaikumbuka njia. Ziwa likijaa hutoa maji kupitia Mto Lukuga, penye mji wa Kalemie, yakaingia Lualaba, yaani sehemu ya juu ya Mto Kongo, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Mwingereza Verney Lovett Cameron aliuona mlango wa Lukuga mwaka 1874, wakati huo ukiwa umezibwa na majani na matope. Miaka minne baadaye ziwa lilifurika, likauzibua, na kina chake kikashuka kwa mita kadhaa. Kwa hiyo mvua inayonyesha Kasulu ina njia ya kwenda Atlantiki, ingawa sehemu kubwa ya maji ya ziwa hupotea kwa jua kabla ya kufika huko.

Mimi ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa samaki. Mwamba husomwa na wachache, samaki huonwa na kila mtu kwenye ndoo.

Mchukue bunju. Wasomaji wa pwani mnamjua bunju wa baharini, yule anayejijaza maji akawa kama mpira, na mnajua kwamba sumu yake huua. Malagarasi nayo ina bunju wake, wa maji baridi, mwenye michirizi ya kahawia iliyojipinda kama maandishi juu ya ngozi ya manjano. Kwa Kilatini anaitwa Tetraodon mbu. Anakua kupita nusu mita, na meno yake yaliyoungana kama mdomo wa kasuku huvunja magamba ya konokono. Ukitoka Malagarasi, mahali pengine pa kumkuta kwa wingi ni Mto Kongo. Katikati ya ziwa, kwenye vilindi na miamba, hayupo. Yeye ni wa midomo ya mito na mabwawa yake. Samaki huyu hawezi kuvuka milima kwa miguu. Alikuwapo kwenye mto ule mmoja kabla haujakatwa, na wazao wake wamebaki pande zote mbili. Akiingia kwenye nyavu zako, usimle.

Hayuko peke yake. Kuna samaki wa jamii ya Polypterus, mrefu kama nyoka, mwenye magamba magumu na vipande vya pezi vilivyosimama mgongoni kama bendera ndogo. Huyu ana mapafu, hupanda juu kuvuta hewa. Kuna Citharinus, mpana na mwembamba kama sahani ya bati. Hawa wote wana ndugu zao Kongo. Ziwa lina zaidi ya spishi 200 za sikilidi (samaki wa jamii ya perege na sato) wake wa kipekee, na dunia nzima inalisifu kwa hao, na inastahili. Lakini sifa hiyo imeufunika mto. Vitabu vya shule vinautaja Malagarasi kama mkono tu wa Ziwa Tanganyika, kana kwamba ukishalilinda ziwa umeulinda na mto. Sivyo. Samaki wa mto ni historia nyingine, na wengi wao hawana pa kukimbilia wakifukuzwa pale walipo.

Ushahidi wa hilo ulio mzito kuliko wote uko kwenye mawe ya maporomoko, na ni mdogo kama kidole. Mwaka 1998 wataalamu wawili, Luc De Vos, aliyefanya kazi pia katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na Lothar Seegers, walitangaza spishi saba mpya za Orthochromis kutoka Malagarasi na mito jirani ya Luiche na Rugufu. Majina yake yanatosha kumfanya mtu wa Kigoma atabasamu: kuna uvinzae wa Uvinza, kasuluensis wa Kasulu, luichensis wa Luiche, rugufuensis wa Rugufu. Ni sikilidi wembamba wanaoishi mahali ambapo maji yanapiga kelele. Hawaelei kama perege. Wanajishikiza chini, wakiruka kutoka jiwe hadi jiwe, na hulelea mayai yao mdomoni ili mkondo usiyachukue. Mpeleke samaki huyu kwenye bwawa lililotulia na umemwondolea kila kitu alichoumbwa kukifanya.

Chini ya hapo na juu yake, mto ni mpole, na huko ndiko chakula cha watu kinakotoka. Tingatinga za Malagarasi na Muyovozi zilikuwa za kwanza nchini Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, zikiwa na ukubwa wa hekta 3,250,000. Ndani yake kuna maziwa ya Sagara na Nyamagoma, mafunjo yasiyo na mwisho, viboko, na ndege aitwaye korongo nyangumi asiyeonekana sehemu nyingi duniani. Kuna kambare. Kuna kamongo, ambaye maji yakikauka hujifukia kwenye tope, akajizungushia utando na kusubiri mvua. Na kuna perege wa kwetu hasa, Oreochromis malagarasi, aliyepewa jina hilo la kisayansi na Ethelwynn Trewavas mwaka 1983 na ambaye asili yake ni bonde hili peke yake.

Mpangilio wa maisha yao ni mvua. Kuanzia Novemba mto unapanda, unaacha mkondo wake na kuyafunika majani ya mbugani. Maji ya mafuriko yana kina kifupi, yana joto na yamejaa wadudu na majani yanayooza, kwa hiyo samaki hutoka mtoni usiku na mchana kwenda kuzaa humo. Vifaranga hukua wakiwa wamefichwa na nyasi. Maji yakianza kupungua, wanarudi pamoja nayo kupitia vijito vyembamba, na hapo ndipo migono na nyuzio zimesubiri tangu enzi za mababu. Mgono ukiwekwa wakati maji yanashuka unavuna mazao ya msimu. Ukiwekwa wakati yanapanda, unawakamata wazazi wakiwa na mayai tumboni. Kifaa ni kilekile. Wiki tu zimebadilika. Hili wazee wa Sagara wanalijua bila kufundishwa na mtaalamu yeyote, na nalisema hapa kwa sababu vijana wanaofika sasa na kokoro, nyavu za kukokota, hawakukulia hapo.

Watu wamekuwa kwenye mto huu kwa muda mrefu mno, na si kwa ajili ya samaki peke yao. Pale Uvinza, Mto Ruchugi unapoungana na Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Uchimbaji wa kiakiolojia wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba chumvi imechemshwa pale kwa zaidi ya miaka 1,000. Kazi ilikuwa ya kiangazi, maana masika mto huzifunika chemchemi. Waha, Wajiji, Watongwe na wengine walikuja na vyungu, wakakata kuni, wakachemsha, wakawatolea sehemu watemi wa Kivinza, wakaondoka na mizigo iliyosambaa mpaka Unyamwezi, Burundi na ng'ambo ya ziwa. Penye chumvi, samaki husafiri mbali.

Karne ya 19 Uvinza ikawa kituo cha misafara. Hakukuwa na daraja. Ulivushwa kwa mtumbwi na ukamlipa mtware, yaani mkuu aliyeshika kivuko. Richard Burton na John Speke walivuka Februari 1858, siku chache kabla ya kuliona ziwa. Henry Morton Stanley alivuka mwaka 1871 akielekea Ujiji, na hapo mamba akamvuta mmoja wa punda wake, aliyeitwa Simba. Safari zote hizo zilikuwa na mtu mmoja ambaye ningependa watoto wetu wamjue kuliko wanavyowajua wazungu hao: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi na kuwa kiongozi wa misafara. Alikuwa na Burton na Speke, alikuwa na Stanley, na alikuwa na Cameron yule wa Lukuga.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikapita katikati ya tingatinga, na tangu hapo samaki wa chanja kutoka Sagara wamepanda treni Nguruka kwenda Tabora na kwingineko. Siku hizi kuna Daraja la Kikwete, mita 275, na lori la samaki halisubiri ratiba ya mtu. Soko likisogea, mavuvi huongezeka. Sijawahi kuona mto ambao mambo yalikwenda kinyume chake.

Sasa nirudi kwenye maporomoko, maana huko ndiko kwenye mvutano wa kweli. Mahali panapomfaa Orthochromis ndipo panapomfaa mhandisi: maji mengi, mteremko mkali, mwamba imara. Mwaka 2008 Marekani ilisaini na Tanzania mpango wa msaada uliokuwa na mradi wa umeme wa Igamba. Tathmini ya mazingira ikakuta viumbe adimu kwenye maporomoko yale, na mradi ukaondolewa kwenye mpango huo. Baadaye Serikali ilipanga upya mradi wa megawati 49.5 kwenye mto huohuo, na mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha mkopo. Kigoma iliishi kwa miaka mingi na umeme wa jenereta za dizeli. Simlaumu mtu anayetaka taa na mashine ya kusaga. Ninachokidai ni maji yasikatwe kabisa kati ya banio na mtambo, hata kiangazi, hata saa ambazo umeme unahitajika sana. Kwa samaki wa mawe, siku mbili za mwamba mkavu zinatosha kumaliza ukoo.

Liko jambo la pili, halizungumzwi sana. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Naliunga mkono kwa ajili ya dagaa na migebuka. Ila kalenda hiyo ni ya ziwa. Samaki wa tingatinga huzaa mvua zinapoanza, miezi mingi baadaye, na mto unahitaji mapumziko yake ya Novemba na Desemba, yapangwe na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vya Sagara na Nguruka wenyewe.

La tatu ni sato wa kufugwa. Amesambazwa katika mabonde mengi ya Tanzania kwa nia njema, na tafiti zimeonyesha kwamba huzaana na perege wa asili mpaka damu ikachanganyika. Bwawa lako likiwa jirani na mto huu, uliza kwanza mbegu ni ya aina gani. Perege wa Malagarasi akichanganyika, hakuna bonde jingine la kwenda kumchukua.

Na wewe unayevua, ukipata samaki usiyemjua, usimtupe. Mpige picha ya ubavu akiwa juu ya jani pana, pezi zikiwa zimefunguliwa, mkono au ndoano kando yake ili ukubwa ujulikane, umpeleke kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Andika mahali, siku, kama maji yalikuwa yanapanda au yanashuka, na jina ambalo nyumbani kwenu mnamwita, kwa Kiha, Kivinza, Kitongwe au Kinyamwezi. Majina ya Kilatini ya samaki hawa tunayo. Ya kwao yanaondoka na wazee, na mengi hayajaandikwa popote.